Mama Yake Ororo Alikuwa Mkenya: Barua ya Wazi kwa Marvel

Kwa wahariri wa vitabu vya vibonzo vya Marvel, New York, na kwa watayarishaji wa katuni ya X-Men '97,

Najua mnapokea barua nyingi kuliko mnavyoweza kuzisoma, na kwamba nyingi hutoka kwa watu waliokasirika kwa sababu shujaa wao amebadilishiwa rangi ya vazi. Mimi vazi halinisumbui. Nawaandikia kutoka Nairobi kuhusu Ororo Munroe, mnayemwita Storm, ambaye mmekuwa mkimlea tangu mwaka 1975, na kuhusu nchi ya mama yake, ambayo mmeitaja mara nyingi bila kuingia ndani. Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa vitabu vyenu wenyewe vinasema Ororo anakijua. Mkikwama, mwombeni awatafsirie.

Kwa wenzangu wa hapa wanaosoma barua hii bila kumfahamu, nitamtambulisha upesi. Storm alitokea kwa mara ya kwanza katika Giant-Size X-Men namba 1, kazi ya mtunzi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Baba yake, David Munroe, alikuwa mpiga picha Mmarekani mweusi. Mama yake, N'Dare, alikuwa binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya. Mtoto alizaliwa New York, akapelekwa Cairo akiwa mdogo, na huko ndege ya kivita ikaiangukia nyumba yao wakati wa vita vya Suez. Wazazi walikufa, yeye alibaki chini ya kifusi kando ya maiti ya mama yake, na ndiyo sababu hadi leo hawezi kuvumilia mahali pa kubana. Akajifunza wizi wa mfukoni katika mitaa ya Cairo. Kisha akashika njia ya kusini, kwa miguu, akavuka jangwa hadi nchi ya mama yake, na uwezo wake wa kuamuru upepo, mvua na radi ukawafanya watu wamwabudu. Profesa Xavier, mwanzilishi wa kikosi cha mashujaa cha X-Men, alimkuta hapo, akamwambia yeye si mungu bali ni mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na uwezo usio wa kawaida, akamchukua kwenda Marekani.

Maisha gani hayo! Yatima wa mabara mawili, mwizi, mungu, kiongozi wa kikosi. Mwaka 1986 alimshinda mwenzake Cyclops katika pambano la kugombea uongozi wa X-Men wakati hana hata chembe ya uwezo wake. Katika vitabu vya miaka ya karibuni ametawala sayari ya Mirihi. Sidhani kuna mhusika mwingine katika ghala lenu mwenye wasifu mzito hivi, na bado kwa miaka mingi hakuwa na jarida lake la kudumu. Alipewa vijarida vya matoleo manne, mara matoleo sita, na mwaka 2014 Greg Pak akaandika mfululizo uliosimama kwenye toleo la 11. Mwenzake Wolverine, kwa upande wake, hata akila chakula cha mchana anapewa toleo.

Kwa hiyo Oktoba 2024, mlipotoa jarida jipya la Storm likiandikwa na Murewa Ayodele wa Nigeria na kuchorwa na Lucas Werneck wa Brazil, nililipokea kama mtu aliyelipwa deni la zamani. Niseme nililolipenda kwanza, kwa maana mhariri naye ni binadamu. Toleo la kwanza linamtuma Oklahoma kwenye mkasa wa nyuklia. Anaokoa watu, halafu mionzi inamwingia mwilini, na yule ambaye radi humtii anaanza kuugua kama mimi na wewe. Huo ni mwanzo wa mtunzi anayejua kwamba mwenye nguvu nyingi havutii mpaka mwili wake umsaliti. Na michoro ya Werneck! Huyu mchoraji haogopi kuacha ukurasa mzima kwa ajili ya anga. Nywele za Ororo kwake zina uzito, mavazi yake yana mshono, na akiinua mkono unaamini kwamba mawingu yatasogea.

Nisilolipenda ni haraka ya kupanda juu. Kabla hatujazoea kumwona nyumbani kwake kule Atlanta, hadithi tayari imeruka hadi kwa Eternity, yule anayebeba ulimwengu mzima ndani yake, na kila toleo linataka kuwa kubwa kuliko lililotangulia. Hatari ikishakuwa ya ulimwengu wote, watu wa kawaida hutoweka ukurasani. Nilitamani kumwona Ororo akinunua mboga, akigombana na jirani, akipigiwa simu na shangazi wa upande wa mama anayetaka kujua ataolewa lini tena. Ana shangazi, bila shaka. Hakuna mwanamke wa Kenya asiye na shangazi. Ayodele ana kipaji cha kuandika mazungumzo ya namna hiyo. Mwacheni apumue, mwacheni atue chini.

Sasa nigeukie runinga. X-Men '97 ilianza Machi 2024 ikiendeleza katuni ile ya mwaka 1992 hadi 1997, na mimi ni mmoja wa waliokuwa na hofu. Vipindi vinavyorudishwa baada ya miaka ishirini na kitu mara nyingi hurudi jina tu. Sura ni mpya, sauti ni mpya, na wimbo wa mwanzo umetiwa midundo ya kisasa hadi hautambuliki. Ninyi mlifanya kinyume. Mliwarudisha watu wenyewe: Cal Dodd kama Wolverine, Lenore Zann kama Rogue, na Alison Sealy-Smith, mzaliwa wa Barbados, kama Storm. Mama huyo akianza kuziita pepo kwa ile sauti ya jukwaani, unakaa wima kwenye kiti. Kuna wanaosema anatia chumvi. Nami nasema anayezungumza na radi hawezi kuzungumza kama karani wa posta.

Kipindi cha tano, kile cha maangamizi ya Genosha, kisiwa cha mutanti, sitakieleza kwa undani kwa sababu wapo ambao hawajakiona. Nitasema tu kwamba kiliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy na kwamba kilistahili. Katuni ya watoto ilitufundisha sisi wazee jinsi sherehe inavyogeuka msiba kati ya pumzi moja na nyingine.

Lakini tazameni mlivyomfanyia Storm. Katika kipindi cha pili anajitupa mbele ya silaha iliyomlenga Magneto, adui wa zamani wa X-Men, na uwezo wake wote unafutika. Ni tukio kubwa kuliko yote yaliyompata katika katuni nzima. Mtu angetarajia kwamba hadithi ya kuutafuta uwezo huo itapewa nafasi. Badala yake ilikatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza kilibanwa katika kipindi cha nne pamoja na sherehe ya kuzaliwa ya Jubilee na mchezo wa video; cha pili kikabanwa katika kipindi cha sita pamoja na mambo ya Xavier katika milki ya Shi'ar, huko angani. Mwanamke anayeogopa mahali pa kubana mkamwekea hadithi yake kwenye nusu chumba, mara mbili.

Na kuna jambo la pili, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Hadithi hiyo, Lifedeath, haikuanza na katuni. Chris Claremont aliiandika na Barry Windsor-Smith akaichora, sehemu ya kwanza mwaka 1984 na ya pili mwaka 1985. Katika sehemu ya pili Ororo, akiwa hana uwezo, anarudi Afrika. Anatembea peke yake, anamsaidia mama mja mzito, anafika kijiji ambacho ardhi yake imeharibiwa na mbinu za kilimo zilizoletwa kutoka nje, kiasi kwamba wazee wamejiwekea sharti zito: mtoto akizaliwa, mzee mmoja anakwenda kufa ili vinywa visizidi chakula. Nina ugomvi na kurasa hizo. Kichwa cha sehemu hiyo kiliazima maneno ya Joseph Conrad kuhusu moyo wa giza, na kijiji hakijulikani kiko nchi gani. Hata hivyo mtunzi aliuliza swali la maana, tena mwaka ambao runinga za dunia zilikuwa zimejaa picha za njaa ya Ethiopia: nani alaumiwe ardhi inapokufa? Na jibu lake halikuwalaumu wanakijiji.

Karibu miaka arobaini baadaye, mkiwa na fedha na teknolojia ambayo Windsor-Smith hakuiota, mliichukua hadithi hiyo mkaiacha yote Texas. Forge, yule mvumbuzi, yupo, pango lipo, pepo mwenye sura ya bundi yupo. Afrika imeondolewa. Najua hoja yenu: muda ulikuwa mfupi. Muda huo huo ulitosha kwa mchezo wa video.

Naomba mnielewe. Silalamiki kwamba mlituchora vibaya mwaka 1975. Zamani zile kila mtu alichora Afrika vibaya. Katika kurasa za kwanza za Storm, Kenya ni mbuga kavu na umati unaomlilia mungu wa mvua aliyevaa nguo haba. Wakati jarida hilo linachapwa, jumba la mikutano la KICC lilikuwa limeshasimama katikati ya Nairobi kwa miaka miwili. Jarida la Joe, lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilikuwa likiwachekesha wakazi wa jiji kwa vibonzo vya mabaa, matatu na wakubwa wa ofisini. Wasomaji wa Taifa Leo walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Ng'ambo ya mpaka, katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alikuwa akimchora Chakubanga, na Watanzania walimjua kama wanavyomjua mjomba wao. Watu wa nchi hizi walikuwa wanajichora wenyewe, wenye viatu na madeni. Wein na Cockrum hawakuwa na njia rahisi ya kuyaona hayo wakiwa New York. Ninyi mnayo. Mko na simu.

Linganisheni na Wakanda. Stan Lee na Jack Kirby waliibuni mwaka 1966, na leo nchi hiyo ambayo haipo ina mji mkuu, makabila, mavazi ya kila kabila, historia ya wafalme na mahali kwenye ramani. Filamu zenu zinaiweka jirani na Ziwa Turkana, yaani uani kwetu. Wakati wa kutengeneza filamu ya mwaka 2016 mwigizaji mzee John Kani alipendekeza wahusika wa Wakanda wazungumze Kixhosa, mkakubali, na filamu zikapata uhai ambao Kiingereza chenye lafudhi ya kubuni hakingeuleta. (Halle Berry alijaribu lafudhi hiyo ya kubuni katika filamu ya mwaka 2000. Filamu ya pili ilipotoka, ilikuwa imeyeyuka, na hakuna aliyeomboleza.) Mwaka 2006 mkamwoza Ororo kwa T'Challa, mfalme wa Wakanda, akawa malkia wa nchi hiyo hadi ndoa ilipovunjwa mwaka 2012. Hivyo mwanamke huyu ametembezwa katika kila mtaa wa nchi ya kubuni, huku nchi ya kweli ya mama yake ikibaki bila mtaa, bila mto, bila jina la kijiji. Mara wasifu wake unasema Kenya, mara unasema nyanda za Serengeti, kana kwamba hakuna mpaka wa Tanzania katikati. Watanzania wameshazoea kuporwa Kilimanjaro katika matangazo ya utalii; msiwaongezee.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu Storm ni mhusika wa hali ya hewa, na hali ya hewa kwetu si mapambo ya hadithi. Kati ya mwaka 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika Pembe ya Afrika. Mifugo ilikufa Turkana, Marsabit na Wajir. Kisha mvua ikarudi kwa ghadhabu. Kipindi chenu ambacho Storm anarudishiwa nguvu kilitoka tarehe 17 Aprili 2024. Siku chache baadaye maji yaliingia Mathare, hapa Nairobi, yakazoa nyumba na watu. Tarehe 29 Aprili mafuriko ya Mai Mahiu yaliua makumi ya watu usiku wakiwa wamelala. Kufikia Mei, zaidi ya watu 200 walikuwa wamekufa nchini kwa mafuriko ya msimu huo mmoja. Sisi tuliokuwa tunafuatilia katuni yenu kila Jumatano tulikuwa tunatazama mungu wa mvua akipata tena mvua yake, huku simu zetu zikileta picha za maiti zikitolewa matopeni.

Sisemi mngeyajua hayo mapema; katuni huchorwa miaka kabla ya kuonyeshwa. Nasema hadithi yake iko hapa, inawasubiri. Mvua ikinyesha Turkana kwa amri ya mtu, imeibwa kutoka wapi? Akizuia mafuriko ya Tana, mkulima wa mpunga kule bondeni atapata wapi maji? Nani ana haki ya kumwomba: mfugaji, mkulima, serikali ya kaunti, au kampuni yenye shamba la maua Naivasha? Kila mmoja atafika mlangoni kwake na sababu nzuri. Hiyo ni ngumu kuliko kupigana na roboti za Sentineli, na haihitaji ulimwengu wote uwe hatarini.

Mkitaka ukoo wa kumpa, hamna haja ya kubuni. Huko Bunyore, Kaunti ya Vihiga, upo ukoo wa Nganyi unaojulikana vizazi na vizazi kwa mambo ya mvua. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wazee wa ukoo huo walianza kukaa meza moja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Wazee walileta walichosoma katika miti, wadudu na pepo; wataalamu walileta vipimo vya vifaa vyao; kisha wakatoa utabiri wa pamoja kwa wakulima. Hebu fikirini Ororo akiketi kwenye kikao hicho, kimya kwa mara ya kwanza maishani, akisikiliza wazee wanaoijua mvua bila kuiamuru. Mkitaka mwanamke wa kumfananisha naye, yupo Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Walimkamata wakampeleka kizuizini Kisii, upande wa pili wa nchi. Alitoroka, akarudi pwani kwa miguu. Ororo naye alikuja Kenya kwa miguu. Mtunzi yeyote wa hapa angeona mara moja kwamba hawa wawili wana la kuzungumza.

Mtanijibu kwamba hamjui pa kuwapata watunzi hao. Jibu hilo lilikufa Julai 2023, pale Disney, mwenye nyumba wenu tangu mwaka 2009, ilipoonyesha Kizazi Moto, filamu fupi kumi za uhuishaji kutoka Afrika. Ng'endo Mukii wa Kenya aliongoza moja, Enkai. Raymond Malinga wa Uganda akaongoza nyingine, Herderboy. Majina yao yamo kwenye vitabu vyenu vya malipo. Zaidi ya hao, Shujaaz, hadithi ya kijana Boyie na redio yake ya siri, ilianza mwaka 2010 ikigawiwa bure kwa Sheng ndani ya gazeti, ikashinda tuzo mbili za kimataifa za Emmy, mwaka 2012 na 2014. Mchora vibonzo Gado alichora kitabu cha Abunuwasi kwa Kiswahili mwaka 1996, kikachapishwa na Sasa Sema hapa Nairobi, na nakala zilizobaki zimeshikwa na watu wengi hadi pembe za kurasa zimekuwa laini. Dar es Salaam wana Ubongo, wanaotengeneza katuni za Ubongo Kids tangu mwaka 2014. Watu wapo, tena wengi wao wamewasoma ninyi tangu utotoni na wanajua makosa yenu kwa namba za matoleo.

Kumpata Ayodele kulikuwa hatua nzuri, na kuna watakaosema tumepewa Mwafrika, tunataka nini tena. Heshima yangu kwake ni kubwa. Ila Lagos na Nairobi ziko mbali kuliko London na Moscow, na Mnigeria mwenyewe atakuwa wa kwanza kuwaambia hivyo. Mimi siombi aondolewe. Ninaomba akiamua kumleta Ororo huku, apewe nauli, mwenyeji na muda.

Kuna suala la pesa, nalipitia haraka kwa kuwa najua halipo mikononi mwa wahariri. Jarida moja la dola 5 ni zaidi ya shilingi 600 za Kenya kabla ya gharama ya kulisafirisha, na hadithi moja inahitaji matoleo matano au sita. Huduma ya Disney+, inayoonyesha katuni yenu, ilifika Afrika Kusini na Misri mwaka 2022. Sisi wa Kenya na Tanzania tumebaki tukichungulia kupitia dirisha la jirani. Msiniulize X-Men '97 niliiona wapi. Niulizeni kama ningelipa iwapo ningepewa mahali pa kulipia, na jibu ni ndiyo. Katika maonyesho ya mashabiki hapa Nairobi huwa naona mabinti waliovaa wigi nyeupe na joho jeusi, wamejishonea wenyewe. Hao ni wateja ambao hamjawafungulia duka.

Sasa tunasubiri msimu wa pili. Mlipoufunga wa kwanza mliwatawanya X-Men katika nyakati: kundi moja Misri ya kale pamoja na kijana atakayekuja kuwa adui yao Apocalypse, Cyclops na Jean miaka elfu mbili mbele. Storm, Wolverine na Morph hamkutuonyesha waliko. Mashabiki wamekisia kila mahali. Nami naweka kisio langu kama ombi. Yule mwandishi aliyeuanzisha mradi huu aliondolewa kabla hata kipindi cha kwanza hakijaonyeshwa, mwingine amekabidhiwa misimu ijayo, na mabadiliko ya namna hiyo huacha nafasi. Itumieni. Mshusheni Ororo katika nchi ya mama yake, wakati wowote mtakaochagua: mwaka 1913 kando ya Mekatilili, au pwani ya Lamu majahazi ya kaskazi yanapoingia, au Nairobi ya 1956, wakati vita vya Suez vinaua wazazi wake kule Cairo na huku Waingereza wamejaza kambi za wafungwa wa Mau Mau. Huo wa mwisho ungekuwa mgumu kuutengeneza, na ndio ningeutazama mara nyingi zaidi.

Popote mtakapomshusha, mpeni Sealy-Smith sentensi tatu za Kiswahili safi na mtu wa kumsaidia kuzitamka. Mpeni N'Dare kijiji chenye jina linaloweza kupatikana kwenye ramani, na ndugu walio hai. Mkihitaji jina la mto, la mti au la upepo, pigeni simu Vihiga, Kilifi au Lamu, na jina la atakayewajibu mliandike kwenye orodha ya walioshiriki, si kwenye shukrani za maandishi madogo. Nakala ya jibu lenu mnaweza kuichapisha katika ukurasa wa barua wa toleo lolote la Storm. Tutaipata, kwa njia zetu.

Wenu,
Shabiki wa Ororo,
Nairobi